Kikokotoo: Neno Moja na Historia ya Mafao ya Wastaafu Afrika Mashariki

Katika somo la tafsiri la muhula uliopita tuliwapa wanafunzi wetu wa mwaka wa tatu habari fupi kutoka gazeti la Kiingereza. Ilihusu chama cha wafanyakazi wa zimamoto cha Uingereza na mvutano wake na serikali ya nchi hiyo juu ya mabadiliko ya pensheni. Tuliichagua kwa sababu ni fupi na sarufi yake haina makuu. Tulikosea. Wanafunzi waliivuka aya ya kwanza kwa dakika chache, lakini walipofika aya ya pili, palipotajwa fedha anazopewa mstaafu kwa mara moja na hesabu inayotumika kuzipata, darasa zima lilinyamaza. Mmoja aliandika "pesa nyingi za mwisho". Mwingine aliandika "zawadi ya uzee". Wa tatu, ambaye aliwahi kuishi Dar es Salaam kwa shangazi yake, alisema bila kuinua kichwa: "Mwalimu, hayo ni malipo ya mkupuo. Na hiyo hesabu ndiyo kikokotoo."

Makala hii imetokana na jibu hilo. Tunakusudia kueleza neno "kikokotoo" lilivyotoka katika vitabu vya hesabu likaingia midomoni mwa walimu, wauguzi na makarani wa nchi jirani ya Tanzania, na lilivyofanya kazi katika mazungumzo kati ya vyama vya wafanyakazi na Serikali kuanzia mwaka 2018. Tunaamini kwamba mwalimu wa Kiswahili ana la kujifunza hapo, na kwa kuwa mwalimu naye hustaafu, ana sababu mbili za kusoma.

Tuanze na wale wa zimamoto, maana ndio waliotufikisha hapa. Chama chao kiitwacho Fire Brigades Union kilianzishwa mwaka 1918. Serikali ya Uingereza ilipotaka kuwahamishia wanachama kwenye mpango mpya wa pensheni wenye umri wa kustaafu wa miaka 60, chama kiliuliza swali ambalo hata asiyejua sheria analielewa: je, mtu wa miaka 59 ataweza kumbeba mtu mzima mgongoni na kushuka naye ngazi katikati ya moshi? Migomo ilianza Septemba 2013 na ikaendelea kwa vipindi. Mpango mpya ulianza hata hivyo tarehe 1 Aprili 2015, ila waliokuwa karibu na kustaafu waliachwa katika mpango wa zamani na vijana wakahamishwa. Hapo ndipo chama kilipopata upenyo. Kilikwenda mahakamani, na tarehe 20 Desemba 2018 Mahakama ya Rufani ya huko ikaamua kwamba kuwatenganisha wafanyakazi namna hiyo kulikuwa ubaguzi wa umri.

Huku kwetu mazungumzo ya aina hiyo yasingeanzia kwa watu wa zimamoto. Hapa Kigali kikosi cha zimamoto na uokoaji ni sehemu ya Polisi ya Taifa. Tanzania nayo ina Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, nalo liko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Askari haundi chama cha wafanyakazi. Basi mzigo wa kusema uliwaangukia wengine, hasa walimu, na siku nane tu baada ya hukumu ile ya London, tarehe 28 Desemba 2018, viongozi wa vyama vya wafanyakazi vya Tanzania walikuwa wamekaa Ikulu ya Dar es Salaam wakizungumza na Rais juu ya jambo lile lile. Matukio hayo mawili hayakuwa na uhusiano wowote. Tumeyaweka pamoja kwa sababu ndivyo yalivyokutana katika daftari letu la maandalio ya somo.

Kabla ya kufika Ikulu, hatuna budi kurudi nyuma, kwa kuwa ugomvi wa mafao katika eneo letu ni wa zamani kuliko neno lenyewe. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza iliundwa kwa mkataba uliotiwa saini Kampala tarehe 6 Juni 1967, ikavunjika mwaka 1977. Iliajiri watu wengi wa reli, bandari, posta na simu, na shirika la ndege. Siku ilipovunjika, watu hao waliamka wakiwa wametumikia mwajiri ambaye hayupo. Mpatanishi kutoka Uswisi, Victor Umbricht, alifanya kazi ya miaka mingi ya kugawa mali na madeni, na mkataba wa mgawanyo ukatiwa saini Arusha tarehe 14 Mei 1984: Kenya asilimia 42, Tanzania asilimia 32, Uganda asilimia 26. Katika mkataba huo kila nchi ilikubali kuwalipa raia wake waliokuwa watumishi wa Jumuiya pensheni na mafao yao mengine.

Kukubali kulikuwa jambo moja na kulipa kulikuwa jambo jingine. Watanzania 31,831 walikwenda Mahakama Kuu mwaka 2003, na tarehe 20 Septemba 2005 ikapatikana hati ya makubaliano baina yao na Serikali. Zililipwa shilingi zaidi ya bilioni 100. Hata hivyo, wengi walisema walicholipwa si chote, wakaendelea kudai. Wakenya nao walifungua shauri lao mwaka 2010 katika Mahakama ya Afrika Mashariki ya Arusha, wakashindwa mwaka 2011 na tena katika rufaa mwaka 2012, kwa hoja kwamba mkataba wa Jumuiya mpya wa mwaka 1999 hauwezi kurudi nyuma kuhukumu mambo ya Jumuiya iliyokufa.

Sisi tuliwaona wazee hao kwa macho yetu. Tulipokuwa wanafunzi wa shahada ya uzamili Dar es Salaam, tuliwakuta zaidi ya mara moja wameketi chini ya miti karibu na ofisi za mjini, wanaume kwa wanawake, makaratasi yao yakiwa ndani ya mifuko ya rambo. Mzee mmoja aliyekuwa fundi wa reli alitufunulia barua yake ya ajira, imekunjwa mpaka mikunjo imetoboka. Tulimwuliza anadai kiasi gani. Alisema: "Mwanangu, nadai haki yangu." Tulimwuliza tena, kwa ujinga wa ujana, haki hiyo ni shilingi ngapi. Alitutazama kwa upole, akasema watu wa hesabu ndio wanaojua.

Jibu hilo tumelibeba miaka yote hii. Wastaafu wa "iliyokuwa" Jumuiya ya Afrika Mashariki (na hapa mwalimu wa sarufi aangalie jinsi kitenzi cha urejeshi kilivyoganda kikawa sehemu ya jina lao) walikuwa na neno moja kubwa, "haki". Lilikuwa neno la kweli na lenye uzito, lakini halikuweza kuonyesha ni wapi katika karatasi ya mlipaji hesabu ilikopotea. Anayedai haki pasipo kujua hesabu yake hujibiwa kwa hesabu asiyoijua.

Turudi sasa Tanzania ya miaka ya karibuni. Kabla ya mwaka 1999 mtumishi wa serikali kuu alikuwa hachangii pensheni. Alipostaafu alilipwa kutoka Hazina. Mwaka 1999 ukaanzishwa mfuko wa PSPF, na mtumishi na mwajiri wake wakaanza kuchangia. Jambo ambalo halikusemwa sana wakati ule ni kwamba mfuko huo mchanga ulibebeshwa kulipa pia miaka ya utumishi ya kabla ya 1999, miaka ambayo hapakuwa na senti iliyochangwa. Ni sawa na kumkabidhi mtu duka pamoja na madeni ya mwenye duka wa kwanza. Serikali yenyewe ilikuja kulikiri deni hilo, na mwishoni mwa mwaka 2021 ikatoa hatifungani ya shilingi trilioni 2.17 kulipunguza. Tunalitaja mapema ili msomaji asije akadhani kwamba shimo la mfuko lilichimbwa na wastaafu kwa kuishi sana.

Mwaka 2018 Bunge lilipitisha Sheria ya Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma. Mifuko minne, yaani PSPF, LAPF, PPF na GEPF, iliunganishwa ikawa mmoja, PSSSF, kuanzia tarehe 1 Agosti 2018, na NSSF ikabaki na sekta binafsi na wasio katika ajira rasmi. Mpaka hapo watu wengi hawakuwa na neno. Maneno yalianza zilipotoka kanuni za kutekeleza sheria hiyo, kwa kuwa namba zenyewe zilikuwa ndani ya kanuni.

Tusimame kidogo kwenye neno "kanuni", maana limewapotosha wengi. Katika Kiswahili cha ofisini, kanuni ni amri anazozitoa waziri chini ya sheria. Katika Kiswahili cha darasani, kanuni ni mpangilio wa hesabu, kama kanuni ya kutafuta eneo la duara. Waraka uliposema "kanuni mpya ya mafao", msomaji hakujua kama anaambiwa habari za sheria au za hesabu. Watu walihitaji neno la pili, na neno hilo lilikuwapo tayari likisubiri kazi.

Uundaji wake hauna ajabu. Kutokana na "pima" tunapata "kipimo", kutokana na "funika" tunapata "kifuniko", na kutokana na "kokotoa" tunapata "kikokotoo". Vitabu vya shule vililitumia kwa maana ya kile kidude cha kubonyeza tarakimu, ambacho wengine hukiita kikokotozi. Wanafunzi wetu hupenda kuona ukaribu wa "kokotoa" na "kokoto", na tunawaruhusu, tukiwakumbusha tu kwamba hata Warumi walitumia vijiwe kuhesabia, na kijiwe hicho ndicho kilichozaa maneno ya hesabu ya lugha kadhaa za Ulaya. Basi mwaka 2018 kikokotoo kikaacha kuwa kidude. Kikawa ule mpangilio wa namba unaoamua uzee wa mtu.

Ni namba zipi hizo? Tuzitazame kwa mfano, na tunaomba wenzetu wa fasihi watuvumilie kwa aya mbili. Tuchukue mwalimu aliyetumikia miaka 30, yaani miezi 360, na mshahara wake wa kukokotolea ni shilingi 1,000,000 kwa mwezi, sawa na 12,000,000 kwa mwaka. Kwa hesabu ya zamani iliyotumika PSPF na LAPF, miezi 360 iligawanywa kwa 540, ikazidishwa kwa mshahara wa mwaka, ikatoa pensheni kamili ya shilingi 8,000,000 kwa mwaka. Nusu ya hiyo iligeuzwa kuwa mkupuo kwa kuzidishwa kwa 15.5, naye akapokea shilingi 62,000,000 kwa mara moja. Nusu iliyobaki ikawa pensheni yake ya kila mwezi, shilingi 333,333.

Kwa kanuni za 2018 kigawanyo kikawa 580, kizidisho kikawa 12.5, na sehemu ya mkupuo ikawa asilimia 25. Mwalimu yule yule sasa pensheni yake kamili ni shilingi 7,448,276 kwa mwaka. Mkupuo wake ni shilingi 23,275,862. Pensheni ya mwezi inapanda kufikia shilingi 465,517. Utetezi wa Serikali ulikuwa hapo: tumekupunguzia mkupuo ili tukuongezee kila mwezi, usije ukala fedha yote kwa miaka miwili ukabaki kuombaomba. Na kizidisho cha 12.5 kilielezwa kuwa ni makadirio ya miaka ambayo mstaafu hutarajiwa kuishi baada ya kuacha kazi, ingawa pensheni yenyewe huendelea mpaka kufa.

Utetezi huo si wa kupuuzwa. Tumewaona wastaafu waliomaliza mkupuo kwa basi dogo la abiria lililokufa injini mwezi wa tatu. Lakini hebu tufanye kutoa. Mkupuo umepungua kwa shilingi 38,724,138, pensheni ya mwezi imeongezeka kwa shilingi 132,184. Gawanya ya kwanza kwa ya pili: ni miezi 293, zaidi ya miaka 24. Aliyestaafu akiwa na miaka 60 atafidiwa kile alichokikosa akiwa na miaka 84, tena kama thamani ya shilingi itamsubiri. Mfuko wenyewe ulikuwa umekadiria kwamba ataishi miaka 12 na nusu.

Na mkupuo si fedha ya anasa kwa mtumishi wa umma wa Tanzania. Wengi huishi katika nyumba za kupanga maisha yao yote ya kazi, na ule mkupuo ndio nyumba. Ndio maana Kiswahili kiliuita zamani "kiinua mgongo": mtu ameinama miaka 30, sasa apewe kitu cha kumnyoosha. Wabunge nao hupata kiinua mgongo kila baada ya miaka mitano, na wafanyakazi hawakusahau kuukumbusha umma jambo hilo. Neno moja, migongo miwili.

Kelele za mwaka 2018 zilianza kwa walimu na wauguzi waliokaribia miaka 60. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TUCTA, na vyama vilivyo chini yake kikiwamo Chama cha Walimu Tanzania, vilikuwa na wanachama waliokuwa wakipiga hesabu wenyewe kwenye simu zao na kuzituma kwa wenzao. Hapa ndipo tunapoona kazi ya neno. Karani wa wilayani asingeweza kusimama mkutanoni akasema habari za vigawanyo na vizidisho vya ubadilishaji wa pensheni. Aliweza kusema: "Hatukitaki kikokotoo hiki." Kitu kilichokuwa kwenye jedwali la nyuma la kanuni kikapata jina linalotamkika, na kwa kuwa kina jina, kikaweza kukataliwa.

Tarehe 28 Desemba 2018 Rais John Magufuli alikutana Ikulu na viongozi wa vyama vya wafanyakazi, watendaji wa mifuko na maofisa wa Serikali. Uamuzi wake ulikuwa wa wazi: kila mstaafu aendelee kulipwa kwa kikokotoo cha mfuko wake wa zamani hadi mwaka 2023, na pande zote zitumie muda huo kutafuta makubaliano. Wafanyakazi walishangilia. Tukiusoma uamuzi huo leo tunaona kwamba ulikuwa ahirisho. Aliyestaafu mwaka 2019 aliokoka. Aliyekuwa na miaka 52 aliambiwa asubiri. Ni mgawanyo wa umri kama ule wa zimamoto wa Uingereza, ila huku hakuna aliyeupeleka mahakamani.

Rais Magufuli alifariki Machi 2021, na mazungumzo yakaendelea chini ya Rais Samia Suluhu Hassan kwa utaratibu wa utatu, yaani Serikali, TUCTA na Chama cha Waajiri. Matokeo yake ni kikokotoo kilichoanza tarehe 1 Julai 2022, mwaka mmoja kabla ya ahirisho kwisha: mkupuo asilimia 33, pensheni ya mwezi asilimia 67. Kwa mwalimu wetu wa mfano ni mkupuo wa shilingi 30,724,138 na shilingi 415,862 kila mwezi. Serikali ilisema ni makubaliano. Wanachama wengi walisema viongozi wao waliuziwa mbuzi kwenye gunia, na lawama zikahamia kwa vyama vyenyewe. Miaka miwili iliyofuata hapakuwa na mkutano wa wafanyakazi, Mei Mosi ikiwamo, ambao neno kikokotoo halikusikika. Tarehe 13 Juni 2024, Waziri wa Fedha Mwigulu Nchemba aliposoma bajeti bungeni Dodoma, alitangaza kwamba waliokuwa wameshushwa kutoka asilimia 50 hadi 33 watapandishwa hadi 40, na wale ambao mifuko yao ilikuwa ikilipa asilimia 25 watapata 35.

Ni ushindi? Kwa sehemu, ndiyo. Kutoka 25 hadi 33 hadi 40 katika miaka sita si jambo dogo kwa vyama ambavyo watu walikuwa wameviona kama makusanyo ya ada tu. Mwalimu wetu sasa anapata mkupuo wa shilingi 37,241,379 na pensheni ya shilingi 372,414 kwa mwezi.

Lakini ndugu msomaji arudi kwenye mfano. Tuseme wafanyakazi wangepewa asilimia 50 yote waliyoidai. Mwalimu wetu angepokea shilingi ngapi? Si 62,000,000. Angepokea 46,551,724. Shilingi 15,448,276 zingebaki zimepotea, kwa sababu kigawanyo cha 580 na kizidisho cha 12.5 havikurudi nyuma. Kwa kipimo cha zamani pensheni yake yote iligeuzwa kuwa na thamani ya shilingi 124,000,000. Kwa kipya ni 93,103,448. Asilimia ya mkupuo inaamua tu jinsi ya kukata keki, ilhali keki yenyewe ilipunguzwa na namba mbili ambazo karibu hakuna aliyezipigia kelele.

Hapa ndipo tunapotofautiana na baadhi ya wenzetu wanaolisifu neno kikokotoo kama mfano wa Kiswahili kuwapa wananchi nguvu. Liliwapa, hatukatai. Lakini lilipokuwa maarufu lilijibana. Mwanzo kikokotoo kilimaanisha mpangilio mzima wa namba nne au tano. Kufikia 2022 lilimaanisha asilimia moja tu, ile ya mkupuo, na Serikali ilipoipandisha asilimia hiyo, watu waliona kikokotoo kimerekebishwa. Wanaisimu wana istilahi yao ya kufinyika kwa maana, na huifundisha kwa mifano isiyomuumiza mtu. Huu ni mfano uliomgharimu mtu vyumba viwili vya nyumba.

Tunajua tutaulizwa kama viongozi wa vyama walikuwa hawaoni namba hizo. Waliziona bila shaka, maana walikaa nazo mezani. Lakini kiongozi hujadiliana juu ya kile ambacho wanachama wake wanakipigia kelele, na wanachama hupigia kelele kile wanachokitaja. Namba ya 580 haikuwa na jina la Kiswahili mitaani. Ingeitwaje? Tumejaribu "kigawanyo cha utumishi", na wanafunzi wakasema linafaa kwa mtihani tu.

Kwa wasomaji wetu wa hapa Rwanda habari hizi si za jirani tu. Mwaka 2010 sheria iliunganisha Caisse Sociale na RAMA ikazaa RSSB. Tangu mwaka 1962 mchango wa pensheni ulikuwa asilimia 6, nusu ya mwajiri na nusu ya mwajiriwa. Kuanzia Januari 2025 ukawa asilimia 12, sita kwa sita, na kwa ratiba iliyotangazwa utapanda kwa asilimia 2 kila mwaka kuanzia 2027 mpaka ufike 20 mwaka 2030. Mwenye mshahara wa faranga 500,000 aliyekuwa akikatwa 15,000 alianza kukatwa 30,000. Tunasema wazi kwamba hali ni tofauti na ya Tanzania: huku kilichobadilishwa ni kinachoingia, kule ni kinachotoka, na hoja ya kwamba pensheni za wazee wetu zilikuwa ndogo mno ni hoja ya kweli. Lakini mwezi ule katika chumba cha walimu, hati za mshahara zikiwa mezani, tulisikia swali lile lile katika lugha nne: wamekokotoaje?

Kinyarwanda kina "umusanzu" kwa mchango, "izabukuru" kwa uzee, na "pansiyo" tuliyoipata kutoka Kifaransa. Kwa kikokotoo, tuliwaomba wanafunzi wale wa tafsiri watafute neno wakiwa nyumbani. Kundi la kwanza lilileta "uburyo bwo kubara", yaani namna ya kuhesabu, na darasa likasema hiyo ni sentensi. Kundi la pili lilileta "igikoresho cyo kubara", kifaa cha kuhesabia, na binti mmoja akainua simu yake juu akauliza kama ni hii. Tuliwaambia kwamba hata Watanzania walianza na kidude hicho hicho. Kundi la tatu liliomba wiki moja zaidi, likasema kwanza linataka kupata kanuni zenyewe na kuzisoma mpaka majedwali ya mwisho, ndipo litafute jina. Tumewapa wiki mbili.